Maziwa ya Kukata Sumu

Nawaandikia watu ambao chakula huwakwama kifuani, wanaotafuna mpaka wenzao wanaondoka mezani na kuwaacha na sahani. Wengine mnakaribishwa kusoma, ila nawafahamu: mtasoma mkitafuta nani alimlisha nani. Hata mimi ningesoma hivyo. Nimezaliwa Akheri, chini ya Mlima Meru, na kwetu mtu hakondi hivi hivi. Lazima pawe na mkono wa mtu.

Tena mimi ni mtu wa mashaka kwa kazi yangu. Serikali ilipoanza kuuza mashirika yake, kiwanda nilichokuwa karani wa stoo kilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo hakuwa na haja na sisi. Nikafungua duka la pembejeo pale Tengeru: mbegu, mbolea, na dawa za kuua wadudu wa kahawa na nyanya. Soko huria lilileta kila kitu, halali na feki, vyote kwenye chupa zinazofanana. Nilijifunza kunusa kifuniko, kukwaruza lebo kwa ukucha, na kumtazama machoni mtu anayesema mzigo wake ni halisi. Tabia hiyo ilinisaidia dukani. Nilipougua niliibeba mpaka hospitalini, na huko sijui kama ilinisaidia au ilinichelewesha.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe ya kipaimara cha mtoto wa baba mdogo, kule Nduruma. Mke wangu Aikande alinipakulia pilau na mbuzi. Kipande cha nyama kikashuka hadi katikati ya kifua, kikatulia pale. Nilikuwa napumua vizuri, hata kuongea niliweza, ila mate hayakushuka. Nikaenda nyuma ya migomba nikawa natema ute kwenye leso, huku kwaya ikiimba. Baada ya muda mrefu kile kipande kikajiendea chenyewe. Niliporudi, dada yangu mkubwa, Ndeshi, aliniuliza nilikuwa wapi, kisha akaniuliza nani alinipakulia. Swali la pili lilinipitia tu wakati ule.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa maji. Kila tonge lilisindikizwa na maji. Nyama niliikata ndogo kama ya mtoto anayeota meno. Ndizi laini zilipita, ugali mkavu uligoma. Kukaribishwa chakula nyumba ya watu kukawa ni mtihani, maana ukikataa una dharau, na ukikubali unaweza kuishia kwenye migomba. Masika ilipokwisha, suruali zangu zilikuwa zinakaa kwa mkanda tu, na ule mkanda niliutoboa tundu jingine kwa msumari.

Miaka ile zahanati za binafsi zilikuwa zinachipuka mjini Arusha kama uyoga, kila moja na koti lake jeupe. Ya kwanza ikasema ni vidonda vya tumbo. Nikanywa dawa za vidonda, kiungulia kikapungua, chakula kikaendelea kukwama. Ya pili ikanipima damu na kusema nina chembe nyingi zile zinazoonekana kwa mtu mwenye minyoo. Nikapewa dawa ya minyoo. Choo kikapimwa, minyoo haikuonekana, nikapewa dawa nyingine kali zaidi ili ionekane. Zahanati ya tatu ikarudia yale yale. Nilianza kuamini kwamba wale wapimaji wanajuana. Nilikuwa nakaa kwenye benchi na kikopo changu kimefungwa kwa gazeti, nikimtazama kila anayetoka dirishani, nikijiuliza kama kikopo chake na changu vinaweza kubadilishana.

Na watu nao wakawa wananitazama. Mtu mzima akikonda wakati ule, jibu lilikuwa moja, na hakuna aliyelitamka mbele yako. Walitazama nywele zangu kama zimelainika, midomo kama imepasuka. Mteja mmoja wa siku nyingi alianza kupokea chenji kwa ncha za vidole. Nikaenda kupima, nikakutwa sina virusi, lakini jibu zuri kama hilo halina wa kumwambia, kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Inauma. Sitasema kitu kingine juu ya hilo isipokuwa kwamba liliniuma.

Dada Ndeshi ndiye aliyekuja na jibu jingine. Mke wangu ni Mchaga wa Machame, na mnayajua maneno yanayosemwa juu ya wanawake wa huko, kwamba mume akishapata mali hazeeki. Ni utani wa kwenye harusi. Hata shemeji zangu wenyewe huutania. Lakini utani huo ukimkuta mwanamume amekonda, na mkewe ndiye anayekaa dukani kila mume anapokwenda kufuata mzigo, na dukani penyewe rafu zote zimejaa chupa zenye picha ya fuvu, basi watu huacha kucheka. Ndeshi alimwambia mama yetu kwamba nawekewa kidogo kidogo. Mniulize kama nami nilimshuku Aikande. Mimi nilimshuku kila mtu, mpaka bilauri. Nilishuku hata hewa ya duka langu, nikahamisha makatoni ya dawa nyuma na kukaa mlangoni kwenye vumbi.

Mama yangu hakuwa mtu wa maneno. Alifanya kile ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya. Maziwa hukata sumu. Hilo halikuwa na mjadala. Hata mimi dukani niliwaambia wakulima hivyo hivyo, kwamba ukimaliza kupiga dawa shambani, kunywa maziwa. (Baadaye daktari aliniambia hilo nalo nisilirudie kwa mtu.) Basi mama akawa anashuka kutoka Akheri kila asubuhi na kibuyu cha maziwa, bado yana joto la ng'ombe. Aliketi kwenye kiti cha duka, akamimina kwenye kikombe, akaonja yeye kwanza, ndipo akanipa. Kwetu, na kwa Wachaga pia, anayekupa kinywaji huonja kwanza ili ujue mkono wake ni safi. Nilikunywa hadi tone la mwisho huku akinitazama, kisha alifunga kibuyu chake, akamuaga Aikande kwa heshima zote, akapanda mlima.

Aikande hakuwa mjinga. Alielewa maana ya kibuyu tangu siku ya kwanza. Jioni ile alipotenga chakula alichota kijiko cha kwanza kutoka sahani yangu, akala mbele ya wifi yake Ndeshi, akanisogezea. Tangu hapo nyumba yangu ikawa ya kuonja. Mama anaonja asubuhi, mke anaonja mchana na usiku, na binti yetu Neema, aliyekuwa anaanza shule, naye akaiga, akawa anaonja chai ya baba. Kila mtu alinenepa kwa chakula changu isipokuwa mimi.

Nilizidi kuwa mbaya. Sasa hata uji ulipita kwa kusuasua, na asubuhi nilikuwa na maumivu kifuani kama nimemeza jiwe. Mama akaongeza maziwa. Akaanza kuleta na ya mgando, na loshoro ya mahindi yaliyochanganywa na mgando huo, vitu vya kumjenga mgonjwa. Ndivyo hesabu yao ilivyokuwa: nikipata nafuu, maziwa yamefanya kazi, nikizidiwa, mwanamke ameongeza dozi. Hesabu kama hiyo haikosei kamwe, na ndiyo maana ni ya kuogopa. Niliwahi kukaa kwa kaka yangu mjini kipindi kizima cha baridi, mbali na mkono wa Aikande. Mama alikuwa anatuma kibuyu huko kwa gari. Hali ikawa ile ile. Wakasema sumu imeshaingia kwenye mifupa.

Kahawa ilipoanza kuiva, ukoo uliitisha kikao sebuleni kwa mama. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, alizungumza kwa upole sana. Alisema hakuna anayemlaumu mtu. Ila ingekuwa vema Mama Neema akapumzika kwao Machame kwa muda, sisi tuone hali ya mgonjwa, na mtoto abaki. Aikande alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake magotini. Kisha akajibu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Baba mdogo, nikiondoka kwa neno la ugomvi, nitarudi tukipatana. Nikiondoka kwa neno la sumu, sirudi. Na Neema atakua akiitwa mtoto wa yule aliyetaka kuua."

Niliomba muda. Nilisema hospitali kubwa ya Moshi haijaniona, na mtu hahukumiwi kabla ya shahidi wa mwisho. Wakakubali kusubiri mpaka kahawa iishe kuchumwa. Njiani kurudi, Aikande alitembea mbele yangu bila kugeuka, na niliogopa kuliko siku yoyote ya ugonjwa.

Moshi nilijifunza kusubiri. Mabenchi ya pale yamesuguliwa na makalio ya watu wa mikoa mitatu. Unafika alfajiri, unakuta wenzako wamefika jana. Nakumbuka mama mmoja wa Rombo aliyekuwa na mgonjwa wake wa macho; aliniona natetemeka kwa ubaridi, akavua kanga yake ya juu akanitupia mabegani bila kuniuliza jina wala ugonjwa. Nilikuwa nimezoea watu kuniuliza nani ananipikia. Ile kanga nilikaa nayo hadi saa za mchana nikijizuia kulia.

Kwanza walininywesha kitu cheupe kizito kama chokaa ya kupaka ukuta, wakanipiga eksirei kikiwa kinashuka. Niliomba nione kopo lake. Yule mtu wa eksirei akanionyesha, nikasoma lebo yote, nikanusa, ndipo nikanywa. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kupata mteja kama mimi.

Wiki kadhaa baadaye nikarudi kwa ajili ya mpira wenye taa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni nje. Waliponipulizia dawa ya ganzi kooni nilidhani nimeacha kumeza milele. Nisiwadanganye, mpira ule hauna raha: unatapika bila cha kutapika, machozi yanatoka, na muuguzi anakushika kichwa kama kondoo wa kunyolewa. Lakini ni wa muda mfupi. Alikata vipande vidogo sana vya nyama ya umio, ile njia ya chakula, ili vikatazamwe kwa darubini. Sikusikia maumivu. Nikiwa bado nimelala, akaniuliza swali la ajabu, kama utotoni nilikuwa na pumu au kuwashwa ngozi. Nilikuwa navyo vyote viwili. Nikamuuliza pumu na chakula vinajuanaje, akasema tungoje majibu.

Majibu yalichukua muda, kahawa ikaisha kuchumwa, na kila Jumapili baba mdogo aliniuliza. Hatimaye daktari akaniita. Nilimwomba jambo moja tu: aniambie kama nimelishwa sumu.

Akasema sumu inayounguza koo huacha kovu la kuungua, na kwangu hakuliona. Alichoona ni umio uliobana na kufanya pete-pete kama bomba la maji la mpira, na kwenye vile vipande wamekuta chembe za damu ziitwazo eosinofili zimejaa mahali zisipotakiwa kuwa. Hizo ndizo zahanati zilikuwa zinaziona kwenye damu na kunipa dawa za minyoo. Minyoo huziita, lakini hata mzio huziita. Mwili wangu, alisema, unakikataa chakula fulani kama vile vifua vya wengine vinavyokataa vumbi. Chakula gani, hakujua. Nilimtazama machoni jinsi ninavyowatazama wauza dawa. Hakukwepa.

Matibabu ya kwanza yalikuwa vidonge vya prednisolone. Nawaonya mtakaopewa: vinafanya kazi, lakini havikai kimya. Ndani ya muda mfupi nilikuwa nameza mkate. Nililia mezani siku hiyo. Kisha uso ukaumuka kama andazi, shingo ikapotea, nikawa na njaa ya fisi na hasira za bure. Usingizi ukakimbia. Ndeshi aliponiona alishika mdomo; kumbe kwake sumu ilikuwa imepanda usoni. Vidonge hivi havikatizwi ghafla, unavipunguza kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, na nilipovimaliza uso ulirudi polepole na chakula kikaanza kukwama tena.

Vuli ile akanipa pampu ya watu wa pumu, ila niipulizie mdomoni na kumeza badala ya kuvuta, kisha nisile wala kunywa kwa muda. Mwenye duka la dawa mjini alinielekeza mara tatu jinsi ya kuvuta, nami nikamwambia mara tatu kwamba nameza, mwishowe akamwita mwenzake waje kuniona. Ilinisaidia kiasi, lakini ilikuwa adimu kupatikana, na ikipatikana mimi nilikuwa naikwaruza lebo. Daktari akaniambia iko njia nyingine, ndefu, ya kuchosha: tuondoe vyakula vyote vinavyoshukiwa kwa pamoja, yaani maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na samaki, tuone kama umio utatulia. Kisha tuvirudishe kimoja kimoja. Nilimpenda pale. Hatimaye nilikuwa nimempata mtu aliyeshuku chakula kuliko watu.

Nyumbani lilikuwa balaa. Ngano na mayai hakuna aliyejali. Lakini kumwambia mama kwamba kibuyu kisije tena, hilo nilishindwa kulisema nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga kibuyu chake, akauliza ni daktari gani anayemkataza Mmeru maziwa. Jioni Ndeshi akapata jibu: daktari huyo ni wa Kilimanjaro, na Aikande pia ni wa Kilimanjaro. Sasa mgonjwa ameondolewa hata kinga yake. Baba mdogo alituma ujumbe kwamba ikifika masika, kama sijapona, neno la kikao litatekelezwa.

Aikande alibeba mzigo ule peke yake. Alinipikia ndizi na nyama, kiburu cha ndizi na maharage, ugali na mchicha, viazi na parachichi, chai ya rangi. Alitenga sufuria zangu. Alikuwa akiwafukuza wageni waliokuja na maandazi. Na bado alionja kila sahani, hata tulipokuwa wawili tu. Nilimwambia aache, akasema amezoea. Nadhani alikuwa hajanisamehe, wala sikumharakisha. Kuna vitu mtu huvisamehe akiwa ameshakaa salama, naye hakuwa salama bado.

Kabla hata ya mvua kubwa kuanza, siku moja nilikuwa nabishana na dereva wa lori la mbolea huku nakula nyama ya kuchoma, na nilipomaliza ugomvi niligundua nimemaliza na nyama. Sikuwa nimekunywa maji. Nilikaa kwenye gunia nikacheka peke yangu. Mpira wenye taa ukarudi, na safari hii zile chembe zilikuwa zimeondoka karibu zote. Nawaambieni wenzangu mlio kwenye ugonjwa huu, siku hiyo ipo. Inakuja kimya kimya, unaigundua ikishapita.

Tukaanza kurudisha. Ngano ikarudi, nikala chapati kwa majuma, kimya. Mayai yakarudi, kimya. Samaki, karanga na soya, kimya. Yakabaki maziwa. Daktari aliagiza ninywe kila siku, kwa kuwa ugonjwa huu hauji kwa kikombe kimoja, na nikiona koo linabana tu niache nimjulishe.

Ukoo ulikuwa na maelezo yake. Walisema nimepona kwa sababu mwanamke ameogopa hospitali, akaacha. Sasa ataanza tena atakapoona tumesahau. Aikande alilisikia hilo jioni, na asubuhi akanifungia nguo kwenye begi.

"Nenda ukanywe maziwa kwa mama yako," alisema. "Kaa huko, ule huko. Mimi sitatia mguu wala sitatuma hata chumvi. Ukitoka mzima, mimi nitaenda Machame mwenyewe, hawatanisindikiza. Usipotoka mzima, watajua wenyewe cha kusema."

Nilimwuliza kama anaelewa anachokiweka mezani. Akasema wengine wamekiweka siku nyingi, yeye anataka tu kiishe.

Mama alinipokea kama nimetoka vitani. Alijua daktari ameruhusu maziwa, akasema hatimaye daktari yule amepata akili. Alinikamulia asubuhi na jioni, akinipa loshoro mchana. Majirani waliletwa kuniona. Juma la kwanza lilipita vizuri, na nililala vibaya, kwa sababu kila kikombe kilichopita salama kilikuwa kinamsogeza mke wangu nje ya nyumba. Sijawahi kuombea ugonjwa, ila nakiri sikuwa naombea afya.

Baadaye kidogo kulianza mwasho nyuma ya ulimi. Kisha nikajikuta nanyoosha mkono kutafuta maji bila kuamua. Nilitakiwa niache pale pale, daktari alikuwa amesema. Nilijiambia huenda ni hofu tu, nikanywa tena siku kadhaa. Msifanye hivyo.

Jumapili baada ya ibada ndugu walikuja kula kwa mama. Ilikuwa karamu ya kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Mama alinikatia nyama mwenyewe. Kipande kikashuka hadi pale pale katikati ya kifua, kikatulia, na mate yakaanza kurudi. Nilisimama. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mama alichukua bakuli akanishikia mdomoni, ute ukimmwagikia mikononi. Kaka akaenda kutafuta gari la kunipeleka hospitali, akapita Tengeru kumchukua Aikande. Alifika naye wakati kile kipande kilikuwa ndiyo kwanza kimeshuka, nami nimeketi nimeloa jasho. Aikande hakuingia. Alisimama kizingitini na mkoba wake kifuani.

Ndeshi ndiye aliyeanza kusema. Alisema wiki ile kulikuja shati langu jeupe kutoka dukani kwangu, kaka alilipitia mwenyewe. Nani alilikagua? Nguo hubeba vitu.

Baba mdogo akalitazama shati nililovaa. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kulinusa kola.

"Mwacheni," mama akasema. Hakuwa amewahi kusema kwenye kikao. Alikuwa bado na bakuli mapajani. "Ng'ombe nimemkamua mimi. Kibuyu nimekiosha mimi, na mkononi nimempa mimi. Huyu hakuwepo. Kama ni sumu, basi aliyempa ni mimi, na nimempa tangu alipoanza kukonda."

Nilimtazama mke wangu. Yale maneno alikuwa ameyasubiri kwa muda mrefu, na kama angekaa kwenye kiti ayafurahie, nisingemlaumu. Aliweka mkoba chini, akaingia, akapiga goti mbele ya mama, akalichukua lile bakuli.

"Si sumu, mama. Ni maziwa tu. Yangemdhuru hata kama ningempa mimi."

Mama alijifuta mikono kwa kanga yake.

"Ungempa wewe," akasema, "tungekuwa tumeshakufukuza."

"Najua, mama," Aikande akajibu, akainuka kwenda kulimwaga.